Mlevi Ana Tarehe, Mgonjwa Hana

Ukitaka leseni ya kuendesha gari nchini Kenya, sheria inakutaka useme kwanza kama una ugonjwa au ulemavu wowote unaoweza kukufanya uwe hatari barabarani. Madereva wote ninaowajua hapa Karagita walijibu hapana. Aliye mzima alisema hapana. Mwenye sukari alisema hapana. Na yule ambaye mkewe hulala akimsikiliza, asije akaanza kutetemeka usiku wa manane, alisema hapana haraka kuliko wote. Siwalaumu hata kidogo. Ningekuwa wakili wao ningewashauri waseme hivyo hivyo, waweke sahihi, waende zao.

Hilo ndilo jambo ambalo watu wa usalama barabarani hawapendi kuliskia. Tumejenga utaratibu ambapo mkweli anapoteza unga wake na mwongo anarudishwa barabarani akiwa na kadi mpya ya Sh3,050 mfukoni. Kisha kila ajali ikitokea tunafanya mkutano hotelini, tunakula, tunauliza kwa nini Wakenya hawasemi ukweli.

Nitaongea kuhusu kifafa kwa sababu ndicho ninachokijua kutoka nyumbani. Unaweza kuweka hapo sukari, moyo au macho ukipenda, hoja itabaki ile ile.

Tuanze na sheria. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, tuliirithi kutoka kwa mkoloni na bado inaongea kwa sauti yake. Inawajua watu wawili tu: mwenye ugonjwa na asiye na ugonjwa. Mwenye ugonjwa ikimjua, inaweza kumnyima leseni au kumnyang'anya ile aliyonayo. Sawa. Lakini kuna mtu wa tatu ambaye haimjui, naye ndiye angepaswa kuwa wengi: mtu ambaye ugonjwa wake umetulizwa. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 wana kifafa duniani, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa vizuri na kupata dawa. Si dawa za kuletwa kwa ndege kutoka Uswisi. Fenobabito, ambayo bado inatumika kwenye kliniki zetu, ilianza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912. Imezidi miaka 100. Ilikuwepo kabla nchi hii haijaitwa Kenya.

Sasa hebu tazama majirani. Afrika Kusini, sheria yao ya barabara ya 1996 inapotaja wasioruhusiwa kuendesha, inasema mwenye kifafa kisichodhibitiwa. Neno moja limeongezwa, kisichodhibitiwa, na mtu wa tatu amepata kiti chumbani. Uingereza, ambako ndiko sheria yetu ilipotoka, wameenda mbele zaidi. Dereva wa gari dogo aliyepatikana na kifafa anakaa mwaka mmoja bila kuanguka, kisha anaomba leseni yake tena. Dereva wa basi au lori anahitaji miaka 10 bila kuanguka na bila dawa. Ni kali sana, na nitarudi hapo, kwa sababu inanihusu.

Lakini kitu kilichonifanya nisimame na kusoma mara mbili ni hiki. Huko, mtu akiirudisha leseni yake mwenyewe, bila kusukumwa, basi muda wake ukifika na daktari wake akiridhika, anaweza kuanza kuendesha hata kama maombi yake bado yako kwenye foleni ya ofisi. Aliyengoja mpaka akanyang'anywa hana bahati hiyo, lazima angoje karatasi. Umeona ujanja huo? Hawakuhubiri. Hawakuweka bango. Walimlipa mkweli kwa kitu ambacho dereva anakitaka kuliko vyote, yaani muda.

Sisi tunamlipa mkweli nini? Wacha nikuambie.

Mzee wangu aliendesha basi la wafanyakazi wa maua kwa miaka 11. Kama hujawahi kufika Karagita, tuko kwenye barabara ya Moi South Lake, ukitoka Naivasha mjini ziwa likiwa mkono wako wa kulia. Plot za mabati, vyumba kumi choo kimoja, na watu wa kila kabila la nchi hii waliokuja na begi moja kutafuta kazi ya kukata maua. Saa kumi na nusu alfajiri taa za mabasi zinaanza kuonekana. Wamama wanapanda wakiwa wamejifunga leso juu ya jaketi, chakula cha mchana kwenye mkebe, na wengi wanamaliza usingizi wao humo humo njiani. Januari na mapema Februari, wakati Ulaya inataka waridi za Valentino, mabasi huanza mapema zaidi na kurudi usiku sana. Mtu unayemwachia kulala nyuma ya mgongo wake ni mtu unayemwamini, na mzee alijua hivyo. Hakunywa. Hakuwa na faini hata moja. Kwenye basi lake redio ilikuwa chini mpaka watu waamke.

Alianguka kwenye yadi ya kampuni, kabla hajawasha injini. Wiki mbili baadaye akaanguka tena, nyumbani, mbele ya mathe. Picha ya kichwa ilionyesha kovu la zamani, na yeye mwenyewe akakumbuka kwamba akiwa kijana, akifanya kazi ya taniboi, alitupwa na lori la mawe karibu na Gilgil na akalala siku mbili bila kujitambua. Akaandikiwa dawa, asubuhi na jioni. Tangu siku hiyo hajaanguka. Huu ni mwaka wa nne.

Mzee wangu alisema ukweli. Alimwambia mkubwa wake kazini, akaiambia ofisi iliyomuuliza, akatoa barua ya daktari kwa mkono wake mwenyewe. Nilikuwa namwambia, "Baba, ngoja kidogo, tuulize kwanza." Akasema hawezi kubeba wamama wa watu akiwa na siri kichwani. Kampuni, ambayo sitaitaja, ilimpa mshahara wa mwezi mmoja na kumpeana mkono. Leseni ikaondoka yote kwa pamoja. Hawakuondoa ile ya basi wakamwachia ya gari dogo. B, C, D, zote, kama mtu anayeng'oa sufuria pamoja na jiko.

Mimi wakati huo nilikuwa mwaka wa tatu chuoni. Watu huniuliza kama nilifukuzwa. Sikufukuzwa. Nilikaa nyumbani muhula mmoja ili familia ipumue, na muhula huo haujaisha mpaka leo. Siandiki haya kutafuta huruma. Nimepata kazi ya kuandika na ninaipenda, hata ingawa wahariri hulipa wakikumbuka. Naandika ili uelewe hesabu. Leseni ya mtu mmoja hapa Karagita ni kodi ya nyumba, ni karo, ni deni la duka, ni dawa zenyewe. Ukiichukua kwa sababu ya ugonjwa, umechukua pia pesa za kutibu ugonjwa huo.

Miezi kumi na minne baada ya kuanguka mara ya mwisho, mzee alianza safari ya kuirudisha. Alikuwa na kadi ya kliniki iliyopigwa muhuri kila mwezi. Kwenye dawati la kwanza aliambiwa sistimu inaonyesha leseni imeondolewa lakini haionyeshi jinsi ya kuirudisha, ajaribu tena kwenye simu. Kwenye simu, ukurasa ulimpa njia mbili: kuongeza muda wa leseni aliyo nayo au kuomba mpya. Hana ya kuongeza muda. Na mpya ingemaanisha arudi shule ya udereva akafundishwe kubadilisha gia na vijana ambao wengine wao aliwabeba wakienda nasari. Dawati la pili likataka barua ya daktari bingwa wa neva. Hao ni wachache mno kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 50, na wengi wako Nairobi. Tulichanga. Akaenda. Bingwa alimpima, akamsikiliza vizuri, kisha akauliza swali la haki kabisa: "Mzee, wanataka niandike nini hasa?"

Hakuna aliyejua. Bingwa aliandika kwamba mgonjwa hajaanguka kwa muda huo, anameza dawa, ametulia. Dawati likasema barua haisemi kama anafaa kuendesha. Bingwa akasema yeye si wa kuamua nani anafaa kuendesha, yeye anaeleza hali ya mgonjwa. Mzee akawa katikati, kama mpira wa makaratasi. Mara ya mwisho kijana mmoja kwenye kaunta, mpole, wala simchukii, alimwambia, "Mzee, kusema ukweli mimi sijawahi kuona mtu akirudishiwa. Sijui inaanzia wapi."

Sentensi hiyo ndiyo imenifanya niandike. Hakukuwa na mtu mbaya pale. Hakuna aliyeomba kitu kidogo, na niamini, ingekuwa ni hongo tungekuwa tumeshajua bei. Palikuwa tu na mlango ulioandikwa Toka, na upande wa pili ukuta.

Sasa linganisha. Sheria hiyo hiyo ya Trafiki, ikimpata dereva ambaye kwa kuendesha ovyo ameua mtu, inampiga marufuku ya miaka 3. Mahakama ikimnyang'anya mlevi leseni, inamsomea muda wake pale pale kizimbani. Anatoka akijua. Anaweza kwenda nyumbani akaweka alama kwenye kalenda ya butchery iliyoning'inia ukutani. Aliyeua ana tarehe. Mlevi ana tarehe. Mtu aliyepatwa na ugonjwa ambao hakuutafuta, akausema kwa mdomo wake, akameza kila tembe aliyopewa, huyo hana. Nimeisoma Sheria hiyo mara kadhaa nikitafuta idadi ya miezi ambayo mtu kama yeye anapaswa kungoja. Sijaipata. Na usiniambie ni kwa sababu ya utu, ati kila mgonjwa atazamwe kivyake. Kutazamwa kivyake kungekuwa kuzuri sana. Hatazamwi kabisa.

Najua utakachosema. Usalama kwanza. Je, akianguka akiwa kwenye usukani pale mteremko wa Kinungi? Je, kama ni mtoto wako amepanda?

Ni swali zuri na sitalikwepa. Sisi wa Naivasha hatuhitaji kufundishwa hofu ya barabara. Desemba 2016, pale Karai, lori lililobeba shehena inayoshika moto lilipoteza mwelekeo, likagonga magari, na moto ukateketeza zaidi ya watu 30 usiku huo. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa karibu na Salgaa, wakafa 36. Nchi nzima, tunazika zaidi ya watu 4,000 wa barabarani kila mwaka. Kwenye vilio hivyo vya Karai na Salgaa, kifafa hakikutajwa. Yaliyotajwa ni mwendo, ni usiku, ni barabara, ni matuta. Na tazama, baada ya Salgaa, Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA, ilipiga marufuku mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku, mara moja, kabla hata maiti hawajazikwa. Kumbe kanuni inaweza kuandikwa haraka ikitakiwa. Kwa hivyo mtu asiniambie kwamba kuandika "miezi 12" kwenye karatasi ni kazi ya Bunge zima na tume tatu.

Lakini tuseme unaogopa kifafa kuliko vyote. Vizuri. Basi niambie unamwogopa nani hasa. Mzee wangu, ambaye kila mtu anajua hali yake, ana kadi, ana dawa, ana miaka mitatu na zaidi bila kuanguka? Au yule aliyesema hapana? Huyo wa pili yuko barabarani saa hii, wakati unasoma. Haendi kliniki ya karibu kwa sababu nesi anamjua mkubwa wake wa kazi. Ananunua dawa kwa siri kwenye duka la dawa, nusu dozi, wiki hii ndiyo wiki ile hapana, kulingana na mfuko. Analala saa nne, kwa sababu ndivyo kazi ya dereva ilivyo, na kukosa usingizi ni mojawapo ya vitu vinavyomwangusha mwenye kifafa haraka. Akiskia dalili inakuja, anaegesha gari na kusema tairi ina shida. Sheria inadhani imemwondoa barabarani. Ilichofanya ni kumwondoa hospitali.

Na usimlaumu mkewe kwa kunyamaza. Kifafa hapa kwetu bado kina majina ya kunong'onezwa. Mtu akianguka stage, nusu ya watu wanarudi nyuma wakiogopa mate yake, ati yanaambukiza, na nusu nyingine inatafuta kijiko cha kumtia mdomoni. (Usimtie kijiko. Usimtie chochote. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumgonga, ngoja naye.) Kuna wanaosema amerogwa, kuna wanaosema ni mapepo, na kila kanisa la hema mtaani lina shuhuda wake. Katikati ya kelele hizo, serikali ilipaswa kuwa sauti moja inayosema: huu ni ugonjwa, una dawa, na ukitulia una njia ya kurudi. Badala yake serikali nayo imerudi nyuma hatua mbili, ikiogopa mate.

Kuna wengine wanadhani suluhisho ni kuwabana madaktari waripoti. California, nchini Marekani, wanafanya hivyo: daktari anatakiwa na sheria kuripoti mgonjwa mwenye tatizo la kupoteza fahamu. Wafanye huko kwao. Hapa, ambapo kumtoa mwenye kifafa kwa mganga na kumfikisha kliniki ni kazi ya miaka, ukimfanya daktari kuwa askari wa trafiki hutapata ripoti. Utapata kliniki tupu. Watu wa pwani wanaweza kukueleza. Utafiti wa kifafa umefanywa Kilifi kwa miaka mingi, na shida kubwa haijawahi kuwa kukosa jina la ugonjwa. Shida ni watu wengi wenye nao kutokuwa kwenye matibabu.

Sasa, nilisema nitarudi kwa lile la basi. Kwa kanuni ya Uingereza, baba yangu hangekuwa anaendesha basi leo. Miaka 10, tena bila dawa. Kwa umri wake, hiyo ni sawa na kusema kamwe. Je, nakubali? Nakubali. Imenichukua muda, lakini nakubali. Watu 60 wamelala nyuma ya mgongo wako si mzigo mmoja na kreti za nyanya. Nilimuuliza mwenyewe, na alijibu kabla sijamaliza: "Basi niliacha siku ile kwenye yadi. Nani amesema nataka basi?"

Anachotaka ni B. Jirani yetu ana pikapu ya kupeleka mboga sokoni Naivasha, na dereva wake anamwibia mafuta. Kazi ipo, inamngoja mzee tangu mwaka juzi. Kilomita chache, mchana, mzigo wa sukuma wiki. Leseni zetu tayari zimegawanywa kwa madaraja: A ya pikipiki, B ya gari dogo, C ya lori, D ya kubeba abiria. Ule mgawanyo uliwekwa kwa sababu mtu alielewa kwamba hatari hazilingani. Mbona mtu akiugua tunasahau kila kitu na kurudi kwenye kitabu chekundu cha zamani? Mwache mtu apoteze D kwa miaka mingi, hata milele kama wataalamu wanaona hivyo. Lakini mpe B yake akimaliza mwaka bila kuanguka. Mwenye mamlaka ya kushuhudia awe afisa wa kliniki au daktari anayemwona kila mwezi kwenye hospitali ya umma, siyo bingwa mmoja wa Nairobi anayemwona mara moja kwa nusu saa. Fomu iwe moja, yenye maswali yanayojulikana, ili daktari asiulize mgonjwa aandike nini. Akianguka tena, leseni inasimama, hesabu inaanza upya, na anajua hivyo tangu mwanzo. Na aliyejitokeza mwenyewe asianze kuhesabiwa siku karani alipokumbuka kubonyeza kitufe. Ahesabiwe tangu siku ya mwisho aliyoanguka.

Hakuna hata senti ya mkopo wa Benki ya Dunia hapo. Ni ukurasa mmoja.

Wanaoniambia tuwe na subira kwa sababu hii ni nchi maskini wanachekesha kidogo. Nchi hii maskini iliweza kutoa watu kwenye kitabu chekundu na kuwapa kadi yenye chipu.  Inaweza kujua umelipa nini eCitizen kabla hujafunga ukurasa. Chipu ile ingeweza kubeba taarifa moja zaidi: imesimamishwa kwa sababu ya afya, itazamwe tena tarehe fulani. Tulikuwa na pesa za chipu, tukakosa wino wa tarehe.

Kuna pia jambo la haki, na hapa sitaki kuonekana kama naomba fadhila. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inataja hali ya afya waziwazi miongoni mwa mambo ambayo serikali haiwezi kumbagua mtu kwa sababu yake. Kumzuia anayeanguka asiendeshe si ubaguzi, ni akili. Kumzuia aliyeacha kuanguka, bila kikomo, bila kumtazama, kwa sababu tu jina la ugonjwa limeandikwa kwenye faili yake, huo ni ubaguzi, hata ukifanywa na karani mpole. Kifungu cha 47 kinasema mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa kiutawala apewe sababu kwa maandishi, na Bunge likatunga sheria kamili juu ya hilo mwaka 2015. Kwa maandishi. Si "sistimu inaonyesha." Si "rudi Jumanne." Sheria ya NTSA ya 2012 nayo iliunda bodi ya rufaa. Wenye magari na sacco za matatu wanaijua njia ya kwenda huko, wana mawakili. Hakuna dereva mmoja hapa Karagita aliyewahi kuniambia ameiskia, na nimeuliza wengi, kwenye stage na kwenye kinyozi.

Kwa sababu mzee siku hizi yuko stage. Anapiga debe. Anajaza matatu za kwenda mjini, anapewa kitu kidogo kwa kila gari, na wengi wa madereva hao ndio aliowafundisha yeye mwenyewe. Wanamuita Mwalimu. Kuna mmoja kati yao ambaye najua, na mzee anajua, kwa nini hapendi kuendesha akiwa hajalala. Juzi nilimuuliza huyo kijana, tukiwa wawili, kama hafikirii kwenda kliniki kusema. Alimtazama mzee pale kwenye jua, akiita watu "mjini, mjini, wawili tu," akanigeukia na kuniuliza, "Niende kusema ili nisimame hapo karibu na yeye?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Wizara ya Uchukuzi ndiyo inayopaswa kuwa nalo, na NTSA, na wale wabunge wanaokuja kwetu kila mazishi ya ajali wakiwa na bahasha. Na nyinyi madaktari, ambao mnaandika barua kwa uangalifu ili msije mkashtakiwa: semeni kwa sauti muda gani mnaona ni salama, mlitie sahihi kama chama, tuwape wanasiasa kitu cha kunakili. Na wewe msomaji, kama ulisomea sheria na una jioni moja ya bure, kuna watu wengi wa kusaidia kwenye barabara hii kuliko unavyodhani. Hawatajitokeza wenyewe. Itabidi uje.

Sisi tumeanza na karatasi moja. Wiki iliyopita nilimwandikia mzee barua ya kwenda kwa wahusika. Haina maneno makali kama haya, aliniambia niyatoe. Inataja kifungu cha 47, inaomba sababu kwa maandishi, na inauliza maswali mawili: ni miezi mingapi, na fomu gani. Chini tumeandika kwamba anaomba daraja B peke yake. Mathe aliisoma kwa sauti, mzee akasikiliza akiwa amefunga macho, kisha akaomba kalamu. Akafuta namba ya simu niliyokuwa nimeandika, ambayo ni yangu, akaweka yake.